Pima kina kabla ya kurusha: siku ya kuvua kwa boya kwenye mabwawa ya England

Mtu akikaa bwawani kutwa nzima boya lake lisiguswe, cha kwanza kulaumiwa ni chambo, cha pili ni bahati. Mara nyingi kosa liko kwenye kina. Chambo kinaning'inia nusu mita juu ya samaki wanaochokora tope, au kimelala chini na mshipi umelegea juu yake, samaki anakichukua na kukitema bila boya hata kutikisika. Kwa hiyo katika yote yanayofuata nitarudi kwenye kina tena na tena. Ukilipata hilo, mengine yanarekebishika palepale ulipokaa.

Wengi wetu tuliotoka Mombasa, Tanga, Unguja au kandokando ya Ziwa Victoria tumezoea mshipi wa mkono: ndoana, chubwi, na kidole kinachosikia samaki akidonoa. Kwa boya, kazi ya kidole inahamia machoni, na ndicho kinachowapa shida wavuvi wazuri kabisa wanapoanza uvuvi huu. Wanasubiri boya lizame kabisa ndipo wavute, wakati samaki alishasema mambo matatu kabla ya hapo.

Mabwawa ninayoyazungumzia ni yale ya kulipia kwa siku yaliyotapakaa England nzima. Mengi yamechimbwa kwa ajili ya uvuvi, na kina chake ni kati ya mita moja na mbili na nusu. Ndani mna kapi, tenchi, brimu, rochi na wenzao, yaani samaki wa maji baridi wasio samoni wala trauti. Kapi si mgeni kwetu. Ndiye aliyelijaza Ziwa Naivasha tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na aliyemvua huko atamtambua hapa mara moja, tofauti ikiwa kwamba hapa haendi jikoni. Anarudishwa majini. Kuondoka na samaki bila idhini ya mwenye bwawa ni kosa chini ya Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, na ni vizuri mgeni alijue hilo kabla hajabeba ndoo.

Karatasi zenyewe si ngumu. Kuanzia miaka 13 unahitaji leseni ya serikali ya kuvua kwa fimbo. Ya watoto wa miaka 13 hadi 16 haina malipo, lakini lazima iwepo. Inapatikana kwenye tovuti ya serikali, na ya mwaka hudumu siku 365 tangu inapoanza. Ukikutwa huna, faini yaweza kufika pauni 2,500. Leseni haikuingizi bwawani: tiketi ya siku unamlipa mwenye bwawa. Mito hufungwa tangu 15 Machi hadi 15 Juni, lakini mabwawa mengi huvuliwa mwaka mzima. Soma ubao wa masharti langoni. Karibu kila mahali utakuta ndoana zenye kijino zimekatazwa, na nyavu zako zichovywe kwenye pipa la dawa kabla hujaanza. Dawa ile si urasimu. Kapi wana ugonjwa wa virusi vya hapesi ambao ukiingia bwawani huweza kuwaua kwa wingi, na ni ugonjwa ambao sheria inataka uripotiwe.

Ukifika, usifungue mkoba kwanza. Zunguka bwawa. Angalia upepo unaelekea wapi, maana katika miezi ya joto upepo wa kusini-magharibi husukuma maji ya juu yenye joto pamoja na chakula hadi ukingo wa pili, na samaki hufuata. Kuketi ukiutazama upepo huo kunachosha, lakini ndiko samaki waliko. Upepo wa mashariki wenye baridi ni kinyume: upe mgongo, tafuta kona iliyotulia. Tazama pia maji yenyewe. Povu dogodogo la vitone kama vichwa vya pini, likipanda kwa makundi mahali pamoja, kwa kawaida ni tenchi anayechimba tope. Kapi hutoa mapovu makubwa zaidi, na mara nyingi huacha wingu la tope. Mapovu yanayopanda mahali palepale bila kusogea, saa nzima, huenda ni gesi tu ya majani yaliyooza.

Fimbo ya futi 12 au 13 ndiyo inayofaa, kwa sababu urefu wake unakuwezesha kuinua mshipi wote majini unapovuta. Rili ndogo yenye mshipi unaohimili mvuto wa ratili 4 inatosha kwa bwawa la samaki mchanganyiko. Mwishoni funga kipande chembamba zaidi cha ratili 3, chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, na ndoana namba 16. Kipande hicho ni chembamba kwa makusudi: kitu kikikatika, kikatike hapo, samaki asiondoke akiburura boya na machubwi. Kama bwawa lina kapi wa kilo tano kwenda juu, panda hadi ratili 6 na ndoana kubwa zaidi, namba 12 au 14. Kumpigania kapi mkubwa dakika ishirini kwa uzi mwembamba si ufundi, ni kumchosha mpaka anashindwa kupona ukimwachia. Usisahau wavu wa kuopolea wenye mdomo mpana, mkeka laini wa kumlazia samaki, kijiti cha kuchomolea ndoana, na manati ya kurushia chakula.

Boya nalolitumia kwenye mabwawa haya ni lile refu jembamba linaloshikwa na mshipi upande wa chini tu. Likishikwa chini, mshipi wote unaweza kuzamishwa, na upepo hauupati. Boya la kufungwa juu na chini ni la mtoni au la kuvulia karibu kabisa na miguu yako. Ubavuni mwake limeandikwa uzito linaobeba, mathalani 3AAA. AAA moja ni gramu 0.8, kwa hiyo boya hilo linataka gramu 2.4. Sehemu kubwa ya uzito huo inakaa palepale kwenye boya, ikilibana lisiteleze: AAA mbili na BB moja ya gramu 0.4, jumla gramu 2. Gramu 0.4 iliyobaki ndiyo ya kufanyia kazi: chubwi moja namba 4 lenye gramu 0.2 katikati ya mshipi, na matatu ya namba 8, kila moja gramu 0.06, yakiwa yameachana kuelekea ndoana, la mwisho sentimita 15 juu yake. Ukipanga hivyo, ncha ya boya itabaki juu ya maji kwa sentimita moja hivi. Ikizidi hapo, samaki atasikia uzito wa boya akivuta, naye atatema.

Machubwi haya leo si ya risasi. Bata wakubwa weupe wa huku walikuwa wakiyaokota chini pamoja na changarawe wanayomeza kusagia chakula, wakafa kwa sumu. Tangu mwaka 1987 vipande vya risasi vyenye uzito kati ya gramu 0.06 na 28.35 vimepigwa marufuku. Vya sasa vingi ni vigumu kidogo, basi vibane kwa vidole au koleo laini, taratibu. Chubwi lililobanwa kwa nguvu hutia kovu kwenye mshipi, na hapo ndipo utakatikia siku samaki mzuri atakaposhika. Kabla ya kulisogeza, lowesha mshipi kwa mate.

Sasa bildi. Ni kipande cha chuma chenye kitanzi juu na kizibo laini chini. Unapitisha ndoana kwenye kitanzi, unaichomeka kwenye kizibo, unarusha pale unapotaka kuvua na kukaza mshipi. Boya likizama, kipimo chako ni kifupi, lisogeze juu. Likijitokeza kuliko kawaida au likalala, ni kirefu, lishushe. Likisimama ncha ikionekana ile sentimita moja, umepata kina kamili cha pale. Hapo ndipo wengi wanapoishia, na ndipo kazi inapoanza. Rusha tena mita moja kushoto, mita moja kulia, mita moja mbele, mita moja nyuma. Unachokitafuta ni umbo la chini. Bwawa la kawaida huteremka kutoka ukingoni: miguuni sentimita 50, mbele kidogo sentimita 90, halafu mita 1.4, kisha linakuwa tambarare. Chambo kikitua kwenye mteremko kinabiringika, na chakula unachotupa kinasambaa kwenda kusikojulikana. Mteremko unapoishia na tambarare kuanza ndipo chakula kinapokusanyika chenyewe, na samaki hupita hapo kama njia yao ya kila siku. Vua hapo hata kama ni mita nne tu kutoka kiti chako. Kurusha mbali kwa sababu tu fimbo inafika mbali ni kujinyima samaki walio karibu.

Kila bildi inapotoka majini, itazame. Ikiwa na tope jeusi linalonuka, chini kumeoza na samaki hawakai hapo kwa raha. Sogea mita mbili ujaribu tena. Ikija na nyuzi za mmea, vua sentimita tano juu ya chini, la sivyo chambo kitajificha. Ikija safi, na uliisikia ikigonga ilipotua, umepata sakafu ngumu. Ukimaliza, shikiza ndoana kwenye mpini wa rili, kaza mshipi kuelekea juu ya fimbo, na weka alama ya wino mweupe wa kufutia pale boya linapofika. Boya litahama ukishapigana na samaki mkubwa, na alama hiyo itakurudishia kina bila kuchafua mahali pako kwa kurusha chuma upya.

Anza na chambo kikigusa chini kwa shida. Tenchi na brimu wanapenda hivyo. Upepo ukianza kuburuta boya, elewa kinachotendeka: maji ya juu yanakwenda na upepo, ya chini yanarudi upande wa pili, na chambo chako kinavutwa huku na huku kwa mwendo ambao hakuna chakula kingine majini kinachokwenda nao. Ongeza kina sentimita kumi, chubwi la mwisho lilale chini na kushika. Upepo ukizidi, ongeza tena na ulaze mawili.

Kurusha kwenyewe kuna hatua ambazo haziachiki. Rusha mita mbili au tatu kupita mahali pako, juu ya kichwa, kwa mkono mwepesi. Boya likikaribia maji, gusa ukingo wa rili kwa kidole ili mshipi upunguze kasi. Ndoana itatangulia mbele na kila kitu kitatua kimenyooka. Usipofanya hivyo ndoana itajizungusha kwenye boya, na utakaa dakika kumi ukingoja samaki kwenye fundo. Kisha zamisha ncha ya fimbo majini, zungusha rili mara tatu nne kwa haraka, mshipi uzame na boya lirudi mahali pake. Mshipi ukigoma kuzama, una mafuta: tia tone la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa, ulifute gurudumu la rili, utaona tofauti saa ileile.

Chambo changu cha kwanza ni mabuu, kwa sababu kila samaki wa bwawani anayala. Buu lina upande mchongoka na upande butu wenye madoa mawili. Madoa yale si macho, ni matundu ya kupumulia. Ndoana ipite kwenye ngozi ya juu tu ya upande butu, buu lisitoke maji meupe. Likitobolewa vibaya linageuka gamba tupu na halichezi. Yaweke kwenye friji ndani ya unga wa mahindi, la sivyo joto litayafanya yajifunge ganda na kuwa kahawia. Nayo hayo ni chambo kizuri kwa rochi wakubwa, basi usiyatupe. Mahindi matamu ya kopo huwachuja samaki wadogo: punje moja kwenye ndoana namba 14, ncha ikiwa imetokeza nje.

Na ugali unavua. Upike mgumu, ukande ukiwa moto hadi uwe laini bila punje, uufunge kwa kitambaa kibichi usipasuke. Kidonge cha ukubwa wa mbaazi kinafunika ndoana namba 12, na kapi hukichukua bila wasiwasi. Wavuvi wa kapi Afrika Kusini wanautumia unga huohuo wa mahindi tangu zamani. Udhaifu wake ni kurusha: ukirusha kwa kishindo utaruka peke yake. Pembeza kwa chini, karibu na ukingo. Ila angalia kwanza ubao wa masharti, kwani mabwawa mengine hayaruhusu vyambo vya kukanda.

Kulisha kunaamua siku nzima kuliko ndoana. Tupa kidogo, na kila mara: mabuu kumi na tano au punje sita za mahindi kwa manati, kila dakika mbili, yote yatue juu ya boya. Mtu anayemwaga kopo zima asubuhi anashibisha samaki anaotaka kuwavua. Na kuna tatizo jingine baya zaidi. Samaki wengi wakikusanyika na chakula kingi kikishuka, wanapanda katikati ya maji kukipokea, wanagonga mshipi kwa mabavu, boya linatumbukia na ukivuta hupati kitu, au unamnasa samaki kwenye pezi. Hapo usivute zaidi. Punguza chakula nusu, subiri watulie chini. Wasiposhuka, wafuate: shusha boya hadi nusu ya kina, ondoa lile chubwi la namba 4, acha chambo kishuke polepole.

Baada ya kila kurusha, hesabu. Boya linatulia kwa hatua: kwanza uzito mkubwa, kisha namba 4, kisha namba 8 moja baada ya nyingine, kila moja ikizamisha ncha kidogo. Kama kwa kawaida inachukua sekunde sita na safari hii ncha imegoma kushuka kwenye ya nne, samaki amebeba chambo njiani. Vuta. Ncha ikipanda juu badala ya kushuka, samaki ameokota chambo chini na kuliinua chubwi la mwisho. Tenchi na brimu hula hivyo, wakiinamisha kichwa na kuinuka. Hapo nako vuta, usingoje lizame. Ukitaka kuwanasa zaidi kwa njia hii, lisogeze chubwi hilo hadi sentimita tano kutoka kwenye ndoana na kulilaza chini. Vitetemesho vya harakaharaka ni rochi wadogo wanaomumunya ncha ya buu. Ukubwa wa chambo ndio dawa. Mabuu yakirudi yamebaki ngozi tupu, unachelewa kuvuta. Na ukiona ute mzito mweupe umeganda kwenye mshipi juu ya ndoana, brimu wako pale na wamekugusa, usihame.

Kuvuta kuwe kwa upande, fimbo chini, mwendo mfupi. Mshipi umezama, hivyo ukinyanyua kwenda juu unapigana na maji kabla ya kufika kwa samaki. Breki ya rili iwe imelegezwa mapema kiasi cha mkono wako kuweza kuvuta uzi kwa nguvu kidogo. Kapi akikimbilia matete, laza fimbo upande wa pili na umgeuze kichwa, kwa maana samaki hufuata kichwa chake. Zamisha wavu kabla hajafika, umlete juu yake, kisha inua. Kumkimbiza samaki kwa wavu ndiko kunakowapotezea watu samaki hatua ya mwisho, miguuni kabisa. Mzito usimnyanyue kwa mpini. Kunja mdomo wa wavu na umbebe kwa nyuzi zake.

Lowesha mikono na mkeka kabla ya kumgusa. Ute ulio juu ya ngozi yake ndio kinga yake dhidi ya ukungu na vidudu, na mkono mkavu unaubandua. Mkeka uliokaa juani unaunguza, mwagie maji kwanza. Ndoana isiyo na kijino hutoka kwa kusukumwa nyuma kidogo kwa kijiti. Picha ipigwe ukiwa umepiga magoti juu ya mkeka, si umesimama. Yote haya yasizidi nusu dakika nje ya maji, kisha umshike wima majini mpaka aondoke mwenyewe.

Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku ya jua, samaki hupungua ukingoni. Husogea katikati, na hapo ndipo kurusha mbali kunapokuwa na maana, boya zito zaidi na kina kikipimwa upya. Jioni wanarudi. Saa mbili za mwisho vua chini ya matete, mahali penye sentimita 60 tu za maji, fimbo isitokeze kivuli, sauti za miguu zisisikike ukingoni. Mahali hapo pawe umepalisha tangu mchana kwa konzi ndogo za mahindi bila kupavua. Kapi wakubwa wa siku hutoka huko mara nyingi.

Ukifunga, vipande vyote vya mshipi viende nyumbani mfukoni. Nailoni ikibaki ukingoni hunasa miguu ya ndege. Nyavu zioshwe na zianikwe zikauke kabisa, hata mikunjo na mishono, kabla ya kwenda bwawa jingine. Mwaka 2010 uduvi muuaji kutoka Ulaya mashariki aligunduliwa Grafham Water, Cambridgeshire. Anaua wadudu wadogo ambao samaki wanawategemea, na anaweza kukaa hai siku nyingi ndani ya wavu wenye unyevu.